Daktari wa Mashimo ya Ainabkoi

Tulimwita Daktari, na jina hilo lilimsumbua tangu wiki ya kwanza. Dereva wake ndiye aliyelitaja dukani Ainabkoi alipokuwa akinunua mafuta ya taa. Alisema amemleta daktari atakayekaa kwetu miezi kadhaa, na habari ikapanda mlima kabla hema halijasimama. Kesho yake asubuhi watu walikuwa wamepanga foleni kando ya Landrova: mama mwenye mtoto wa kikohozi, mzee mwenye mguu uliovimba, msichana aliyeumwa jino. Alitoka hemani na mswaki mdomoni, akawatazama. Akawaeleza kwamba yeye ni daktari wa mambo ya kale, si wa watu, na kwamba kazi yake ni kuchimba mahali watu wa zamani walipokaa ili ajue waliishi vipi. Watu walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha yule mzee akausogeza mguu wake mbele zaidi ili auone vizuri.

Alikasirika. Alisema maneno ambayo sikuyategemea kutoka kwa mwanamke msomi. Halafu akampakia mzee mbele, mama na mtoto wake nyuma pamoja na yule msichana, akawapeleka hospitali Eldoret, na siku ile hakukuchimbwa chochote. Ndivyo alivyokuwa muda wote aliokaa nasi. Kila aliyekuja kuomba gari alikemewa kwanza, na kila aliyekemewa alipelekwa. Mwishowe watu walizoea, wakawa wanasimama pembeni kimya wakingoja amalize kugomba, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye viganja vigumu kama vya mwanamume wa kupasua mbao. Alivaa suruali na gambuti wakati ambapo mwanamke wa kwetu aliyeonekana na suruali alizungumziwa kanisani Jumapili iliyofuata. Yeye pia alizungumziwa. Jumapili ile ile alikuwa ameketi benchi la nyuma, na suruali yake, akiimba nyimbo zote kwa sauti kubwa isiyofuata wimbo. Mhubiri hakurudia tena maneno yale. Nadhani alihofia angezidi kuimba.

Sikuwahi kujua alizaliwa wapi wala watu wake ni akina nani. Waliojaribu kumtega kwa salamu za lugha zao waliitikiwa wote, kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna aliyepata la kushika. Aliyemuuliza waziwazi anatoka wapi alijibiwa, "Natoka kazini." Miaka ile swali hilo halikuwa la kupitisha wakati tu. Mimi na mume wangu tulikuwa tumehamia Ainabkoi kutoka Nyeri, tukapata kipande chetu katika shamba kubwa lililokuwa la mzungu na ambalo wanachama wa ushirika walikuwa wamegawana. Tulilima viazi na mahindi, tukafuga ng'ombe wa maziwa, tukasali na majirani zetu wenyeji wa huko. Lakini kila ulipokaribia uchaguzi, kila mwanasiasa aliposimama sokoni na beji ya chama kwenye koti, tulisikiliza kwa makini anasema nini kuhusu wageni.

Chini ya shamba letu kulikuwa na shimo. Nikisema shimo usifikirie la choo. Lilikuwa kama bakuli kubwa la duara lililozama ardhini, pana kiasi kwamba kundi zima la ng'ombe lingelala ndani, na nyasi zake zilibaki kijani hata Januari. Mashimo ya namna hiyo yametapakaa mlimani kote. Wenyeji huyaita mashimo ya Wasirikwa, watu waliokuwako kabla ya wote, wakaondoka, na hakuna anayejua vizuri walikwenda wapi. Mengi yako juu kwenye kilele, yamekaa pamoja. Letu lilikuwa la mwisho, pembeni kabisa, na mpaka kati yetu na jirani yetu mwenyeji, Mzee Kiptoo, ulipita papo hapo.

Mzee Kiptoo alisema shimo ni lake. Mume wangu, Baba Njeri, alisema ni letu. Siku moja ng'ombe wa Mzee alitoka shimoni akaingia kwenye viazi vyangu, nikamfukuza kwa mti, akarudi kwao akichechemea. Tangu siku hiyo mke wa Mzee, Mama Chebet, hakunisalimu tena, nami sikumsalimu. Tulikutana mtoni tukachota maji tukitazama maji. Baba Njeri akaona dawa ni kuzungumza na mwenye trakta aje alisawazishe lile shimo kabla ya mvua, tupande mahindi juu yake, maneno yaishe.

Hapo ndipo Daktari alipofika. Hakumtafuta mume wangu. Alikuja moja kwa moja jikoni, akainama mlangoni, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye shamba. Nikamwambia mwenye shamba ni Baba Njeri, na ameenda Burnt Forest.

"Na nani analima?"

"Ni mimi."

"Basi nimefika," akasema, akavuta kigoda.

Alichukua kisu akaanza kunisaidia kumenya viazi, akimenya vibaya, akitupa nusu ya kiazi pamoja na ganda. Huku akimenya akanieleza kwamba shimo lile lilikuwa zizi. Watu wa zamani walichimba ndani kidogo ili ng'ombe wasipigwe na baridi ya huku juu na wezi wasiwafikie kwa urahisi, wakajenga nyumba zao zikiwa zimeshikana na ukuta wa zizi, mlango ukifungukia ndani. Kilima kidogo kilichokuwa upande wa chini, ambacho sisi tulidhani ni kichuguu, kilikuwa samadi na tope lililozolewa zizini mwaka baada ya mwaka. Nilimuuliza kwa nini asichimbe yale makubwa ya juu, akaliacha letu la pembeni.

"Katikati ya kijiji watu hujenga juu ya walichojenga mwanzo," alisema. "Wanafagia, wanatengeneza. Ukitaka kuwajua watu, nenda pembeni. Huko ndiko wanakotupa vitu. Na huko ndiko mgeni huonyeshwa pa kujenga."

Aliomba trakta ingoje mpaka amalize. Baba Njeri aliporudi alikataa, akafikiria, akakubali kwa shingo upande, kwa sababu mwanamke mwenyewe alikuwa na kibali cha serikali. Mzee Kiptoo naye alikataa, akisema vitu vya watu walioondoka visiguswe. Lakini aliposikia Baba Njeri amekubali, naye akakubali siku hiyo hiyo, isije ikasemekana kwamba ruhusa ilitoka upande mmoja tu.

Kazi ya kuchimba haikuwa kama tulivyofikiri. Sisi tulikuja na majembe. Aliyapokea akayapanga nyuma ya hema, akatugawia miiko ya waashi na brashi za kupakia rangi, akatufundisha kukwangua udongo taratibu, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiwa na rangi yake. Alikuwa na subira na udongo ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Angeweza kukaa asubuhi nzima juu ya doa jeusi lenye ukubwa wa sahani, akipuliza, akinyunyiza maji, akitazama likikauka. Na watu je? Hakuwa na subira nao hata kidogo. Ukimwambia hadithi ndefu alikukatiza katikati akuulize mwisho wake. Ukichelewa alikuwa tayari ameshika kazi yako. Dereva wake aliniambia kwamba huko Nairobi wakubwa wake walifurahi kila alipoenda safari.

Udongo wote uliotoka shimoni ulichekechwa. Chekeche lilikuwa fremu ya mbao yenye waya chini, na lilihitaji watu wawili, mmoja kila upande, wakilisukuma na kulivuta. Siku ya kwanza alinipanga upande mmoja na Mama Chebet upande wa pili. Nilimfuata kando nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba sisi wawili hatusemezani.

"Hiyo kazi haihitaji maneno," alinijibu, akaenda zake.

Tukachekecha bila kusemezana. Lakini chekeche haliendi kama mikono haipatani. Nikivuta kwa hasira lilimvuta naye mbele; akisukuma kwa nguvu lilinigonga tumboni. Ilibidi tutazamane ili tujue nani anaanza. Siku ya tatu au ya nne kikabaki kwenye waya kitu cha bluu, kidogo kama punje ya mtama, chenye tundu. Ilikuwa shanga. Tuliinama wote, vichwa vikagongana, na Mama Chebet akasema, "Pole." Hilo ndilo neno letu la kwanza tangu mambo ya yule ng'ombe. Nilimwambia si kitu. Baadaye akaniuliza kama viazi vyangu viliota tena pale vilipokanyagwa, nami nikamuuliza kama mguu wa ng'ombe ulipona. Wiki iliyofuata aliniletea mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, nikampelekea kabichi, na chekeche likawa mahali petu pa kuzungumza. Daktari alipita mara kwa mara akituambia tupunguze maneno.

Kuna jambo moja lililotufurahisha sana, nalo ni kwamba aliogopa ng'ombe. Mwanamke huyu aliyejua kila kitu kuhusu zizi, aliyeweza kushika jino lililokaa ardhini mamia ya miaka akakuambia lilikuwa la ndama au la ng'ombe mzee, alikuwa akiona ng'ombe wa Mzee Kiptoo wakishuka mlimani anaacha kila kitu na kuingia kwenye Landrova, akafunga na vioo. Mzee Kiptoo hakuamini. Alimpeleka ng'ombe wake mpole kuliko wote karibu na gari, akamwambia Daktari ashushe kioo amguse pua. Alishusha kidogo sana, akatoa kidole kimoja, ng'ombe akapumua, kioo kikapanda. Tangu siku ile Mzee alimpenda. Alisema mtu anayejua vitu vingi hivyo na bado anaogopa ng'ombe hawezi kuwa amekuja kuiba shamba.

Lakini si wote waliompenda. Alikuwa na tabia ya kugusisha kitu ulimini. Akipata kipande cheupe asichokijua alikilamba, kwa sababu mfupa wa kale hunata ulimini na jiwe halinati. Mtu mmoja aliyepita barabarani alimwona, na kufikia Jumapili ilikuwa imeenea mpaka Timboroa kwamba kuna mwanamke anayekula mifupa ya wafu. Wafanyakazi wawili hawakurudi. Mama mmoja alikuja kumvuta binti yake kazini kwa mkono. Nilidhani Daktari atafoka kama kawaida yake. Badala yake alikwenda jioni ile kwa yule mama, akakaa naye nje ya nyumba, akatoa mfukoni kipande cha jiwe na kipande cha mfupa wa mbuzi, akamwomba ajaribu mwenyewe. Mama akakataa. Daktari akaendelea kukaa. Mwishowe mama akajaribu, jiwe kwanza, kisha mfupa, na mfupa ulipomnata akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Binti alirudi kazini kesho yake. Mimi nilijifunza siku ile kwamba subira alikuwa nayo. Aliitunza tu kwa siku za haja.

Tulipofika kwenye sakafu ya zizi ilikuwa karibu na mvua. Nyumba ilikuwa imeshapatikana upande wa juu: alama za nguzo, mafiga katikati, vigae vya vyungu vilivyopambwa kwa kamba iliyoviringishwa juu ya udongo mbichi. Hiyo aliitegemea. Asubuhi moja akawa amelala kifudifudi upande wa pili, ule ulioelekea shamba letu, akikwangua chini ya ukuta wa mawe. Hakuinuka kunywa chai. Hakuinuka kula. Alipoinuka alikwenda hemani akakaa kidogo, akarudi uso umeoshwa, macho mekundu.

"Kuna mlango mwingine," alituambia.

Alitupanga tuone wote. Zizi lilikuwa moja, lakini nyumba zilikuwa mbili. Ya pili ilijengwa baadaye, mafiga yake yakiwa karibu na mlango na si katikati, vyungu vyake havikuwa na pambo la kamba, vilikuwa na alama za kidole gumba kwenye mdomo. Aliyeijenga alikuwa amefungua ukuta wa zizi ili apate pa kuingilia. Daktari alitushika mikono mmoja mmoja akatupitisha vidole kwenye kingo za ule ufunguzi. Mawe hayakuvunjwa. Yalitolewa, yakapangwa upya, mengine yakawekwa chini kuwa kizingiti, na kizingiti kilikuwa kimelainishwa na miguu ya miaka mingi.

Mimi na Mama Chebet tulitazamana. Daktari hakutuambia tufikirie nini.

Sijui habari zilimfikiaje mwenyekiti wa chama katika lokesheni yetu. Tulisikia tu kwamba kutakuwa na baraza, na halitakuwa kwa chifu bali pale pale shimoni, na kwamba mtaalamu wa serikali atawaambia wananchi ardhi hii ilikuwa ya nani tangu mwanzo. Wiki ile watu walipunguza salamu. Baba Njeri alirudi kutoka sokoni akaniambia nianze kufikiria vitu gani tutabeba kwanza. Kisha akaenda kurekebisha mlango wa boma ambao haukuwa umeharibika. Nilikwenda kuchekecha kama kawaida, na Mama Chebet akaniambia kwamba mume wake pia hali chakula vizuri. Kama Daktari angesema Wasirikwa hawakuwa watu wa Mzee, alisema, basi kesho angekuja mtu mwingine mwenye nguvu zaidi kuwadai ardhi.

Siku ya baraza watu walijaa. Waliotoka mikoa mingine walisimama ukingo mmoja wa shimo, wenyeji ukingo wa pili, bila mtu kuwapanga. Chifu alifungua kwa maombi. Mwenyekiti alizungumza kirefu juu ya umoja na maendeleo, kisha akamgeukia Daktari.

"Wananchi wanataka jambo moja tu," alisema. "Hawa wenye mashimo walikuwa akina nani? Ni wa huku, ama walikuja?"

Daktari alikuwa chini, ndani ya zizi, na gambuti zake. Hakupanda jukwaani. Aliwaomba washuke, na kwa kuwa hakuwa akisikika vizuri kutoka kule, watu wakashuka, wa pande zote mbili, wakajaa mle ndani wakibanana. Akawaonyesha mlango wa kwanza. Akawaonyesha wa pili. Akaeleza kuhusu mafiga na vyungu na kizingiti, kwa maneno mepesi, bila hata moja la Kiingereza.

"Walikuwa wa lugha gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Hilo udongo haujaniambia."

"Serikali imekusomesha miaka yote hiyo na hujui?"

"Nimesomeshwa nijue mwisho wa ninachokijua," alisema. "Ninachojua ni hiki. Mwenye nyumba hii alikuja nyuma. Alifungua ukuta wa mwenye nyumba ile, na mwenye nyumba ile alikuwa hapa akimtazama, kwa sababu aliendelea kuishi hapa. Ng'ombe wao walilala pamoja. Anayetaka zaidi ya hayo asiniulize mimi."

Mzee Kiptoo alikuwa amesimama karibu na mlango wa pili. Aliinama, akashika kizingiti, akainuka. Mwenyekiti alifunga baraza mapema, akaondoka bila kunywa chai iliyokuwa imeandaliwa.

Watu walipotawanyika nilimpelekea Daktari kikombe hemani. Alikipokea, na meno yake yakagonga kwenye ukingo wake. Sikuwahi kumwona akitetemeka ila kwa ng'ombe.

"Ningetaja jina moja tu, Mama Njeri," aliniambia, "wangenijengea hata barabara ya kuja hapa."

"Na mbona hukutaja?"

"Kwa sababu silijui."

Haukupita muda akaitwa ofisini Eldoret. Aliporudi alisema kibali kimesimamishwa, na kwamba arudi Nairobi. Hakugomba. Alisema tu kwamba shimo haliwezi kuachwa wazi, mvua ingeharibu kuta zote, na akauliza nani atamsaidia kufunika. Nilitegemea tungekuwa wale wale wa chekeche. Lakini asubuhi walikuja hata waliokuwa wamekimbia kazi, hata yule mama wa mifupa, wanaume na mabeleshi yao. Baba Njeri alikuja, yeye aliyetaka shimo lile lijazwe tangu mwanzo. Mzee Kiptoo alikuja na wanawe. Tulitandika gunia na nailoni juu ya sakafu kama alivyotuonyesha, tukamwaga udongo juu yake polepole.

Udongo ulipofika mahali pake pa zamani Daktari alisema tuache. Nilimtazama mume wangu. Lilikuwa limebaki bakuli kama mwanzo, na trakta ilikuwa bado inangoja kuitwa. Alichomeka beleshi lake ardhini, akamwambia Mzee Kiptoo kwamba nyasi za hapo zingefaa ndama, na kwamba kama Mzee hana neno, ndama wa nyumba zote mbili wangelishwa humo. Mzee alisema hana neno. Yalikuwa mazungumzo mafupi kuliko yote waliyowahi kuwa nayo, na waliyokubaliana hayajavunjwa mpaka leo.

Daktari aliondoka kesho yake. Mama Chebet alimpa kibuyu, nami nikampa gunia dogo la viazi. Aliahidi kuandika na hakuandika. Dereva wake wa zamani, tulipokutana naye mara moja Burnt Forest, alisema kwamba Daktari amewekwa chumba cha chini cha kuhifadhia vitu, anapanga masanduku, haruhusiwi kwenda safari. Nilihuzunika sana. Nilimwona akilini mwangu akiwa amekaa katikati ya masanduku bila mtu wa kugomba naye.

Miaka ikapita. Njeri alimaliza shule ya msingi, akaingia sekondari. Chama kilikuwa kile kile na mwenyekiti alikuwa mwingine. Siku moja nilikuwa Eldoret kwa mambo ya mbegu, nikasikia ndani ya duka la vifaa vya ujenzi mwanamke akimgombeza mwenye duka juu ya misumari ya mabati. Niliijua sauti kabla sijaona mtu. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, na alivaa miwani. Gambuti hazikuwapo, lakini suruali ilikuwapo. Aliponiona aliacha misumari juu ya kaunta, akanishika mabega, akanigeuza kwenye mwanga kana kwamba anatafuta alama.

Alikuwa amekuja kufundisha kwenye chuo kipya kilichofunguliwa nje ya mji. Mtu mmoja huko juu serikalini, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake, alikuwa amemkumbuka. Alikuwa na vijana wengi sasa, alisema, nao wanachelewa kila siku, na baadhi yao wana macho mazuri kuliko yake. Mwaka ujao angewapeleka mashimoni, kibali kilikuwa kimepatikana. Nilimpa habari za Mzee Kiptoo na Mama Chebet na za ndama. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Kisha akanichukua nikaone nyumba yake. Alikuwa amenunua kipande nyuma ya mji na anajenga, yeye aliyelala hemani nusu ya maisha yake. Kuta zilikuwa zimefika kwenye madirisha. Fundi alipotuona alishuka jukwaani, akaenda kujificha upande wa pili. Daktari alinitembeza chumba kwa chumba, hapa kitanda, hapa vitabu, hapa jiko lenye dirisha la kutazama geti. Nyuma kulikuwa na uwanja uliolimwa na kuachwa mtupu. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Miaka yote hii nimetoa vitu ardhini," alisema. "Sijawahi kuweka kitu. Hata sijui mtu anaanzaje."

Nilikuwa na mbegu za viazi kwenye kikapu changu, zilizokwisha kuchipua macho. Nilivua viatu. Tulichora matuta, nikamwonyesha urefu wa hatua kati ya kiazi na kiazi, macho yaangalie juu, mkono mmoja wa samadi, udongo usikandamizwe. Alifanya kila kitu kwa uangalifu wa kuchosha. Tulipomaliza mstari wa mwisho alibaki amechuchumaa.

"Sasa tunafanya nini?"

"Sasa tunaziacha," nikamwambia. "Tunaenda kunywa chai."

Aliona vigumu. Tulipokunywa chai alikuwa bado akiangalia dirishani.

Nilipita tena mwezi uliofuata, mvua ikiwa imeshika. Mistari ilikuwa imechipua yote, majani ya kijani kibichi yamesimama sawasawa, isipokuwa mahali pamoja karibu na mlango ambapo palikuwa na pengo. Nilimuuliza pale kulitokea nini. Aliangalia kando kwanza.

"Nilikifukua," alisema. "Nilitaka kuona kinafanyaje. Nikakirudisha. Nimekiua?"

Nilichuchumaa, naye akachuchumaa karibu yangu na kusukuma miwani juu ya pua. Udongo pale katikati ya pengo ulikuwa umeinuka kidogo na kufanya ufa, mwembamba kama uzi, na ndani ya ule ufa kulikuwa na kitu cha kijani.